Senegal: Tumewatazama Mafahali, Tumelisahau Zizi

Siku hizi ukiwataja kwa pamoja Rais wa Senegal, Bassirou Diomaye Faye, na Ousmane Sonko aliyemteua kuwa Waziri Mkuu, hukosi mtu wa kukukatiza kwa methali: mafahali wawili hawakai zizi moja. Nimeisikia redioni, nimeisoma kwenye makundi ya WhatsApp, na kinyozi wangu, ambaye juu ya kioo chake amebandika picha ya Ibrahim Traoré, mtawala wa kijeshi wa Burkina Faso, aliniamulia nayo shauri lote kabla hajamaliza upande wa kushoto wa kichwa. "Mmoja lazima aondoke," alisema. Sikumbishia, maana wembe ulikuwa shingoni. Nakiri kwamba mwanzoni nami niliwaza hivyo hivyo. Ila kadiri nilivyozidi kuifuatilia habari ya Senegal, ndivyo nilivyoona kwamba methali hii, kwa utamu wake wote, inatupumbaza. Tunabaki kupima pembe za mafahali, hatuulizi zizi lilijengwa na nani, lini, na kwa nini lina mlango mmoja tu. Zizi la Senegal lilijengwa mwaka 1963, kwa hofu ya mtu ambaye wakati huo alikuwa tayari kizuizini. Bila kumjua mtu huyo, ugomvi wa leo kati ya Rais na Waziri Mkuu wake tutausoma kama tamthilia ya wivu, na tutadhani kwamba siku mmoja akimfukuza mwenzake mambo yatakuwa yamekwisha.

Tuanze na yaliyo mezani. Faye na Sonko wote walikuwa maofisa wa kodi, na urafiki wao ulikomaa katika chama cha wafanyakazi wa idara hiyo kabla haujawa siasa. Chama cha PASTEF kilipoanzishwa mwaka 2014, Sonko alikuwa uso na sauti yake. Mwaka 2019 aligombea urais akashika nafasi ya tatu. Kesi ya kukashifu ilipomfungia mlango wa uchaguzi wa Machi 2024, alimsimamisha msaidizi wake Faye, ambaye naye alikuwa mahabusu. Wote wawili wakatoka gerezani tarehe 14 Machi. Siku kumi baadaye Faye akashinda katika duru ya kwanza kwa asilimia 54.28, akimwacha mbali Amadou Ba, mgombea wa Rais aliyekuwa anaondoka, Macky Sall. Kampeni yote ilibebwa na maneno matatu ya Kiwolofu, Diomaye mooy Sonko, yaani Diomaye ndiye Sonko. Tarehe 2 Aprili Faye akaapishwa, na siku hiyo hiyo akamteua Sonko kuwa Waziri Mkuu. Novemba ya mwaka huo PASTEF ikazoa viti 130 kati ya 165 vya Bunge.

Kisha yakaanza. Julai 2025 Sonko alisimama mbele ya viongozi wa chama chake akalalamika hadharani kwamba nchi ina tatizo la mamlaka, na kwamba Rais amwache atawale. Tarehe 8 Novemba 2025 akajaza watu Dakar katika mkutano mkubwa, wa aina ambayo waziri mkuu aliye madarakani huwa hauhitaji. Siku chache baadaye Rais alimwondoa Aida Mbodj, mratibu wa muungano uliomwingiza Ikulu, akamweka Aminata Touré. PASTEF ikajibu kwamba haitambui uamuzi huo. Hapo ndipo methali ya mafahali ilipoanza kuruka kutoka simu hadi simu.

Mtu ninayetaka tumrudie ni Mamadou Dia. Alikuwa mwalimu, Mwislamu mcha Mungu, mtu wa hesabu za uchumi na wa maneno makavu. Léopold Sédar Senghor, mshairi Mkatoliki kutoka Joal katika nchi ambayo wengi wake ni Waislamu, alijenga naye chama tangu mwaka 1948. Walikamilishana: mmoja alikuwa na Paris, mwingine alikuwa na vijiji. Shirikisho la Mali, lililoiunganisha Senegal na nchi ya Mali ya leo, lilipovunjika Agosti 1960 na Senegal ikabaki peke yake, Katiba iliyoandikwa haraka iligawa dola mara mbili. Senghor akawa Rais wa Jamhuri, na Dia akawa mkuu wa serikali, mwenye kupanga na kuendesha sera za nchi na kuwajibika mbele ya Bunge. Kwa hiyo katika Senegal ya kwanza, aliyetawala siku hadi siku hakuwa Senghor. Jambo hili husahaulika kabisa, kwa sababu sanamu, viwanja vya ndege na vitabu vya shule vinamkumbuka mshairi.

Dia alikichukulia cheo chake kwa uzito. Uchumi wa Senegal ulikuwa karanga, na karanga ilikuwa mnyororo wa madeni. Mkulima alikopa mbegu na chakula wakati wa njaa kabla ya mavuno, kisha akalipa kwa karanga zake kwa bei aliyopangiwa na mfanyabiashara, na juu ya mfanyabiashara huyo kulikuwa na makampuni ya Kifaransa. Dia alitaka vyama vya ushirika na shirika la serikali vinunue mazao moja kwa moja. Alipogusa hapo, aligusa makampuni, aligusa madalali, aligusa baadhi ya masheikh wakubwa wa tarika waliokuwa na mashamba makubwa ya karanga, na aligusa wabunge ambao biashara zao zilitegemea mtandao ule ule. Desemba 1962 wabunge wakaleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali yake. Dia akashikilia kwamba jambo hilo lianze kwenye vikao vya chama kwanza, kwa kuwa chama ndicho kilichowapa wote vyeo. Tarehe 17 Desemba askari wa jandarmeri, yaani polisi wa kijeshi, kwa amri yake, wakawazuia wabunge kuingia bungeni. Wabunge wakahamia nyumbani kwa Spika, Lamine Guèye, na huko sebuleni wakaiangusha serikali. Jeshi likasimama upande wa Senghor. Kesho yake Dia akakamatwa.

Mei 1963 alishtakiwa kwa jaribio la mapinduzi mbele ya mahakama maalumu iliyojaa wabunge, yaani watu wa upande uliomwangusha, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mmoja wa mawakili waliomtetea aliitwa Abdoulaye Wade. Tutakutana naye tena. Dia akapelekwa Kédougou, pembe ya kusini mashariki ambako joto halina huruma, akakaa huko hadi mwaka 1974. Alikana kosa la mapinduzi hadi alipofariki mwaka 2009. Nami naona alikosea sana tarehe 17 Desemba, kwa sababu mkuu wa serikali anayewafungia wabunge mlango amekwisha kuwapa maadui zake nusu ya kesi. Ila kosa la siku moja halikuhitaji dawa iliyotolewa baadaye. Machi 1963, Dia akiwa bado hajahukumiwa, Katiba mpya ilipitishwa kwa kura ya maoni. Cheo cha mkuu wa serikali kikafutwa, na madaraka yote ya utendaji yakawekwa mikononi mwa mtu mmoja. Desemba ya mwaka huo Senghor akagombea urais bila mpinzani, na miaka michache baadaye vyama vingine vyote vilikuwa vimemezwa au vimezimwa. Hofu ya mtu mmoja ikawa sheria ya nchi.

Ukitaka kuona jinsi hofu hiyo ilivyodumu, fuatilia kiti cha Waziri Mkuu peke yake. Kilifutwa mwaka 1963, kikarudishwa 1970 kwa ajili ya Abdou Diouf. Diouf alipokuwa Rais, akakifuta mwenyewe mwaka 1983, baada ya Moustapha Niasse kukikalia kwa muda usiofika hata mwezi, akakirudisha 1991. Macky Sall akakifuta 2019 kwa maelezo kwamba anataka kazi iende mbio, akakirudisha tena, na mwaka 2022 akamkalisha Amadou Ba. Mara tatu kimetolewa, mara tatu kimerudishwa. Hata kibanda cha karibu na stendi kina uhakika zaidi wa kesho yake. Kila safari sababu zilikuwa za kiufundi na za heshima, ufanisi, kuokoa gharama, kumweka Rais karibu na wananchi, na kila safari matokeo yalikuwa kwamba Rais aliondoa au aliweka kizuizi kati yake na lawama kadiri msimu ulivyomtaka.

Na waliokikalia? Diouf alipokea nchi tarehe 1 Januari 1981 Senghor alipojiuzulu, kwa sababu Katiba ilikuwa imekwisha kurekebishwa ili Waziri Mkuu amrithi Rais. Idrissa Seck, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Wade, yule wakili ambaye sasa alikuwa Rais, na kipenzi chake, alifutwa kazi mwaka 2004, na mwaka uliofuata akalala gerezani. Aliyemfuata ni Macky Sall mwenyewe. Alipokuwa Spika, na Bunge likathubutu kumwita mtoto wa Rais, Karim Wade, aeleze matumizi ya fedha, muda wa uspika ukafupishwa kutoka miaka mitano hadi mmoja na Sall akasukumwa nje. Mwaka 2012 alirudi na kumshinda Wade kwa karibu asilimia 66. Tazama mzunguko huo: wakili wa Mamadou Dia, mtu aliyeona kwa macho yake kilichompata mkuu wa serikali anayemkasirisha Rais, alipopata urais alizitumia funguo zile zile. Na aliyeumizwa na Wade, alipopata urais, akazitumia zile zile dhidi ya Sonko na chama chake, kilichovunjwa kwa amri Julai 2023. Ukiona watu wenye tabia tofauti kiasi hicho wanafanya jambo moja, acha kutafuta sababu katika tabia.

Zipo hoja zinazopinga ninachosema, na moja wapo naipa uzito mdogo sana: kwamba huu wote ni mchezo wa kuigiza, Faye na Sonko wamepangiana zamu, mmoja awatulize wakopeshaji na mwingine awatulize vijana. Inasikika kama maarifa, kumbe ni uvivu. Mwenye kuigiza hachagui kuigiza nyumba ikiwa inaungua. Serikali hii ilirithi deni lililofichwa. Mahakama ya Ukaguzi wa Hesabu ilisema Februari 2025 kwamba deni la mwisho wa mwaka 2023 lilikaribia asilimia 100 ya pato la taifa, ilhali serikali iliyotangulia ilikuwa imetaja chini ya 75. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) baadaye likakadiria kwamba kufikia mwisho wa 2024 deni lilifika asilimia 132, na mkopo wake wa takriban dola bilioni 1.8 ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Katika mkutano ule wa Novemba, Sonko alisema mbele ya umati kwamba IMF inataka deni lipangwe upya na kwamba yeye hakubali. Bei za hatifungani za Senegal, yaani hati za mikopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, zikaporomoka mara moja. Hakuna serikali inayolipia tamthilia kwa bei hiyo. Hapa pana tofauti halisi ya sera: nani aumie kwanza, mkopeshaji wa nje au mwananchi anayeongezewa kodi, na nani mwenye neno la mwisho kuhusu hilo. Mwaka 1962 swali lilikuwa karanga, leo ni hatifungani, na mara zote mbili Katiba ilinyamaza pale ilipotakiwa kusema.

Hoja ya wafuasi wa Sonko ni nzito zaidi, na sipendi inavyodharauliwa. Wanasema mamilioni hawakumpigia kura Faye, ambaye wengi walikuwa hawaijui hata sauti yake. Walimpigia Sonko aliyezuiwa. Waliimbiwa kwamba Diomaye ndiye Sonko, wakaamini, wakaweka kura. Kwa hiyo Rais anayejitenga na Waziri Mkuu wake anavunja mkataba na wapiga kura. Ndani yake mna ukweli ambao Faye hawezi kuukwepa. Ila mkataba ule haukuandikwa popote. Kiapo kiliandikwa, na aliyekila ni Faye. Katiba inamtaka Rais ndiye aamue sera ya taifa, na Waziri Mkuu aiendeshe. Kama PASTEF iliamini kwamba mkuu wa chama chenye wabunge wengi ndiye anayepaswa kutawala, basi ilikuwa inaomba mfumo ule ule wa mwaka 1960, mfumo wa Dia. Ungekuwa msimamo halali kabisa, kama wangeusema kwa jina lake wakati wa kampeni. Walichofanya ni kuazima faida za mfumo mmoja na kuingia madarakani kwa mlango wa mwingine, na sasa malango yanagongana. Jengo la serikali mjini Dakar, zilimo ofisi za Waziri Mkuu, leo linaitwa kwa jina la Mamadou Dia. Sonko anaingia humo kila asubuhi.

Sasa turudi kwa mafahali wenyewe. Watetezi wa methali wana ushahidi, tena wa karibu yetu. Septemba 1960 huko Kongo, Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza Waziri Mkuu Lumumba, na Lumumba akatangaza redioni kwamba amemfukuza Kasa-Vubu. Uganda, Obote alikuwa Waziri Mkuu na Kabaka Mutesa Rais, hadi jeshi lilipoishambulia Mengo, kasri ya Kabaka, Mei 1966. Sawa. Lakini methali haituambii kilichofuata zizi lilipobaki na fahali mmoja. Kongo alibaki Mobutu, mkuu wa jeshi. Uganda ilibaki na Katiba ya 1967, madaraka yote kwa Obote, na miaka minne baadaye Amin akayakuta yamekwisha kukusanywa na kufungwa mzigo. Senegal alibaki Senghor, mpole zaidi ya hao, lakini rafiki yake alikaa Kédougou zaidi ya miaka kumi. Na upo mfano ambao Mkenya yeyote anaujua: Rais Kibaki na Waziri Mkuu wake, marehemu Raila, waligombania hata zulia jekundu, nani alitandikiwa na nani hakutandikiwa, na ni katika miaka ile ile ya kukwaruzana ndipo Katiba ya Agosti 2010 ilipozaliwa. Hawakuwa marafiki. Hakuna aliyeweza kumpita mwenzake, kwa hiyo ilibidi waandike.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa kati ya Dakar ya leo na ile ya 1962, tofauti ambayo wanaosema historia inajirudia wanairuka. Mwaka 1962 Rais alikuwa na wabunge na alikuwa na jeshi. Mkuu wa serikali alikuwa na jandarmeri na haki ya hoja yake, basi. Leo karata zimegawanywa vingine. Rais anaweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa sahihi moja, asubuhi, kabla ya chai. Lakini Bunge ni la Sonko, na Bunge linaweza kumwangusha yeyote atakayewekwa mahali pake. Wala Rais hawezi kulivunja Bunge hilo kabla halijatimiza miaka miwili, na alikuwa ametumia mwanya huo huo Septemba 2024 kulivunja lililotangulia. Kila mmoja ameshika kamba inayomfunga mwenzake. Wanaolia kwamba nchi imekwama huenda wana haki ya kulia, hasa mtu ambaye mshahara wake unategemea mazungumzo na IMF. Ila kukwama huku ndiko kizuizi cha nadra cha urais ambacho Senegal imekuwa nacho tangu Dia alipokamatwa, nacho kimepatikana kwa bahati ya matokeo ya uchaguzi. Sheria haikukipanga.

Ndiyo maana jambo la kulifuatilia si nani amemsalimia nani kwenye mkutano wa Baraza la Mawaziri. Mwaka 2008 wapinzani, wasomi na asasi za kiraia walikutana chini ya Amadou-Mahtar M'Bow, aliyewahi kuongoza UNESCO, wakazungumza kwa mwaka mzima kuhusu kupunguza nguvu za Rais. Macky Sall aliutia sahihi mkataba uliotokana na mazungumzo hayo. Alikaa Ikulu miaka kumi na miwili, na Februari 2024 akajaribu kuahirisha uchaguzi hadi Baraza la Katiba lilipomzuia. Faye naye aliahidi wakati wa kampeni kuupunguza urais. Ili Katiba irekebishwe bungeni, zinahitajika kura za tatu ya tano, yaani 99. PASTEF peke yake ina 130. Rais ana kalamu ya kupeleka muswada, Waziri Mkuu ana kura za kuupitisha, na hakuna mpinzani nchini mwenye nguvu ya kuwazuia.

Kwa nini basi hawaugusi? Wanaposema ni ugomvi wao unaowazuia, mimi naona kinyume chake: hapa ndipo wanapokubaliana. Faye hataki kuondoka na urais mdogo kuliko aliopewa, na Sonko, ambaye jicho lake liko kwenye uchaguzi wa urais wa 2029, hataki kuukuta umepungua. Aliye ndani ya zizi na anayengoja mlangoni wote wanalipenda lilivyo. Wenye hatifungani watauliza kuhusu deni, vijana wa Dakar watauliza kuhusu ajira, na wote wana haki. Swali ambalo ningetaka Msenegali amuulize kila mmoja wa hao wawili, tena siku moja na mbele ya mwenzake, ni fupi zaidi: muswada uko wapi?